Nyongeza ya Mshahara na Chumba Kimoja cha Laini Saba

(Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama katika mkutano wa Jumapili, Laini Saba. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.)



Sitasema kwa urefu, maana najua wengine mmetoka zamu ya usiku hamjalala, na wengine mmeacha mitungi kwenye foleni ya maji mkamwomba jirani aitazame. Nimeombwa kusema juu ya wingi wa watu katika mtaa wetu. Jambo hili kwa kawaida twawaachia watu wa serikali na wageni wanaokuja na kamera. Leo nataka tulisemee humu chamani, kwa kuwa lahusu mshahara, na kila linalohusu mshahara ni letu.

Nianze na karatasi ya mshahara. Mwaka 2024 kima cha chini kwa mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi kiliongezwa kwa asilimia 6. Kilikuwa shilingi 15,201 kwa mwezi, kikawa 16,113. Nyongeza ni shilingi 912. Tulipiga makofi, na haki yetu, maana ilitafutwa kwa jasho. Lakini mwaka ule ule, mwezi wa Machi, sheria ya nyumba za bei nafuu ilitiwa sahihi, na asilimia 1.5 ya mshahara ikakatwa kwa ajili ya kujenga nyumba. Kwa mtu wa 16,113 hiyo ni kama shilingi 241. Katika ile 912, zimebaki 671. Kisha mwenye ploti ninapokaa akapita mlango kwa mlango, akasema kuanzia mwezi ujao chumba kimepanda shilingi 500. Zimebaki 171. Kwa bei ya shilingi tano mtungi, hizo ni mitungi 34 ya maji. Nyumbani kwangu twatumia mitano kwa siku. Nyongeza ya mwezi mzima imekwisha kabla ya wiki moja kwisha.

Sasa nauliza: mwenye ploti alipata wapi nguvu ya kuongeza? Chumba ni kile kile cha futi kumi kwa kumi, kuta za udongo, mabati yenye kutu, na mvua ya Aprili iliingia kama ilivyozoea. Nguvu yake ni kwamba nikitoka asubuhi, jioni mtu mwingine amesimama mlangoni na godoro lake. Mwajiri naye ana nguvu hiyo hiyo langoni pa kiwanda, akitazama nje na kuona vijana wamekaa juu ya mawe wakingoja kibarua. Wingi wetu umeshusha bei yetu kazini, ukapandisha bei ya chumba nyumbani. Mfanyakazi amebanwa huku na huku kama sukari guru katika karatasi.

Wapo watakaosema dawa ni fupi: watu warudi mashambani, na waache kuzaa. Nimesikia hata mwanachama wetu akisema hivyo, naye ana watoto sita. (Kicheko.) Basi natutazame mahali hapa palijaa namna gani.

Wazee wa Kinubi husema kwamba Kibra katika lugha yao ni msitu. Jina la Laini Saba nalo lasemwa limetokana na laini za shabaha, askari wa King's African Rifles walipokuwa wakija hapa kufanya mazoezi ya bunduki. Askari Wanubi waliruhusiwa kukaa hapa na Waingereza, na mwaka 1918 ardhi hii ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi, ekari 4,197. Ishikeni hesabu hiyo. Mtu alikaa kwa ruhusa, bila hati, na asiye na hati huondolewa siku yoyote.

Baada ya uhuru mwaka 1963, watu waliokuwa wakizuiwa kuingia mjini waliingia kutafuta kazi, kama ilivyokuwa haki yao. Mwaka 1969 Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Huo ndio upande mmoja wa hesabu, na ndio unaosemwa kila siku. Upande wa pili hausemwi. Katika miaka hiyo hiyo ardhi ya Kibra ilikuwa ikikatwa vipande. Mitaa ya Ngei, Otiende, Ayany, Olympic na Fort Jesus ilijengwa juu ya ardhi ya Kibra ya zamani, nyumba za mawe kwa watu wenye mishahara ya mawe. Siwalaumu waliokaa humo. Wengine ni wafanyakazi wenzetu. Nasema tu kwamba vijiji vyetu leo vyasemekana kuwa kama kilomita mraba mbili na nusu, ndiyo kusema ekari mia sita na kidogo. Na Wanubi walipopewa hati yao Juni 2017, baada ya kungoja karibu miaka mia, ilikuwa ya ekari 288. Toka 4,197 mpaka 288! Mkate ukigawanywa kwa watoto wengi kila mmoja hupata kidogo, kweli. Lakini kama kuna aliyepita mezani kwanza na kisu, usiwapige watoto peke yao.

Na je, sisi ni wangapi? Kwa miaka mingi ilisemwa, hata katika magazeti ya Ulaya, kwamba Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ikatoa 170,070, na Laini Saba peke yake zaidi kidogo ya 28,000. Wengi walikasirika wakadhani tumepunguzwa ili tunyimwe. Mimi sina ugomvi na hesabu ndogo. Watu 170,000 katika kilomita mraba mbili na nusu ni watu 68,000 kwa kila kilomita mraba. Nairobi nzima, kwa hesabu ya 2019, ni 6,247. Tumebanwa mara kumi na zaidi, bila kuongeza hata mtu mmoja wa uongo. Ninyi mliokaa nami mezani na waajiri mwajua: chama kikienda na hesabu iliyotiwa chumvi, mwajiri hushika ile chumvi na kuacha chakula.

Tena tusidhani ni sisi tu. Wilaya ndogo ya Mathare, pamoja na zile ghorofa za Huruma, hesabu ya 2019 ilikuta karibu watu 69,000 kwa kilomita mraba. Kule wamejenga kwenda juu, ghorofa sita na saba, na maji hayafiki ghorofa ya pili. Kwa hiyo anayesema taabu yetu ni udongo na mabati, na saruji itaiponya, akapande ngazi za Huruma na mtungi mkononi.

Nije kwenye maji, maana hapo ndipo tunapoibiwa wazi wazi na hatupigi kelele. Mita moja ya maji ni mitungi 50 ya lita 20. Kwa shilingi tano mtungi, mita ni shilingi 250. Mwenye mfereji ndani ya nyumba katika mitaa ya wakubwa halipi hata nusu ya hiyo kwa maji yenyewe, na maji yanamjia jikoni. Haendi kuyapanga mstari saa nne za usiku. Mifereji ikikauka, mtungi hupanda ukawa kumi, ukawa ishirini, na mwenye mkokoteni hukuuliza kama wataka au hutaki. Na chini yetu pale, hatua chache, liko Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 liwe la maji ya kunywa. Watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga ndani yake. Leo ni matope na magugu maji, maana mto unaoliingia unapita kwa maelfu ya watu wasio na bomba la maji machafu. Uchafu ule ni wetu, sikatai. Lakini mtu asiyepewa pa kumwaga atamwaga wapi?

Na choo. Dada zangu mtanisamehe nikisema waziwazi. Katika ploti niliyokaa miaka minane tulikuwa vyumba 16 na choo kimoja cha shimo. Hesabuni watu wanne kwa chumba: 64. Lango la kiwanda chetu lilifungwa saa moja na nusu asubuhi, na kwa miguu, kufuata reli, ni mwendo wa saa moja na robo. Basi ilinibidi niwe nimeanza safari saa kumi na mbili. Na wote 64 walikuwa na saa kumi na mbili zao. Foleni ilianza saa kumi alfajiri, gizani. Siku nilizochelewa dakika kumi na tano nilikatwa robo ya siku, na msimamizi akaandika "uvivu". Hakuna mahali pa kuandika "choo" katika fomu ya kiwanda. Niliwahi kupiga hesabu ya makato ya mwaka mmoja. Yalizidi kodi ya mwezi mzima.

Shimo lile lilipojaa, mwenye ploti alikaa wiki tatu hajaleta vijana wa kulichota. Tukaenda vyoo vya kulipa, shilingi tano mtu mmoja mara moja. Watu watano wakienda mara moja tu kwa siku ni shilingi 25. Kwa mwezi 750. Ongeza maji, mitungi mitano kwa siku, 750 nyingine. Jumla 1,500. Ilinganisheni na ile nyongeza ya 912. Na usiku vyoo vya kulipa hufungwa, na njia ni za giza, na mwanamke hatoki. Wote mwajua linalofanyika usiku kwa mfuko, na asubuhi mfuko uko juu ya bati la jirani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Haja haikupigwa marufuku.

Magonjwa hufuata hapo hapo. Watafiti wa KEMRI na wenzao Wamarekani walipima damu za wagonjwa wa Kibera na za wagonjwa wa Lwak, kijiji cha upande wa Ziwa. Wakakuta homa ya matumbo Kibera ni mara kadhaa kuliko kule kijijini, na watoto wadogo ndio walioshikwa zaidi. Watu wa kijijini ni maskini kama sisi, pengine kutupita. Tofauti ni kwamba choo cha kule kiko mbali na kisima, na jirani yuko ng'ambo ya shamba. Mtoto akiugua, mama hakai na kazi. Na kibarua asiyekwenda kazini hana mshahara wa siku ile. Mwaka 2020 tuliambiwa tukae mita moja na nusu mmoja kwa mwenzake. Nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikakumbuka siko peke yangu. (Kicheko.) Aprili mwaka ule ule, watu walikanyagana hapa Kibera wakigombea chakula cha msaada.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba wingi wa watu ni laana tupu. Mimi nimepata kazi mara tatu maishani, na mara zote tatu habari ilinifikia kupitia ukuta wa udongo: jirani alikuwa akimweleza mkewe, nami nikasikia. Nikifiwa, kabla ya jua kutua mchango umeshafika nusu ya nauli ya maiti. Mama wa mboga ananikopesha kwa kuwa ananiona kila siku. Ndiyo sababu watu wetu hawakubali kuhamishwa mbali kwenye vyumba vizuri. Huko nyumba ipo, kazi haipo na jirani hayupo.

Serikali imejaribu, na ni haki kusema. Septemba 2009 jirani zetu wa Soweto Mashariki walihamishiwa ghorofa za muda kule Lang'ata, ili kwao pajengwe. Mwaka 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa. Miaka saba, nyumba 822, kwa mtaa wa watu 170,000. Na wako waliopewa nafasi nzuri wakaipangisha kwa wenye mishahara zaidi, wao wakarudi vibandani. Watu waliwacheka. Mimi siwacheki. Mtu ambaye nyumba nzuri inamletea chakula akiwa nje yake, na njaa akiwa ndani yake, atachagua chakula. Hapo mshahara ndio uliomtoa.

Upande mwingine, tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia kubomoa njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walipoteza makao, na shule zikaenda pamoja nayo. Barabara ni nzuri, nami nimeipita. Lakini watu wale hawakuruka angani. Wengi walijibana katika vyumba vilivyobaki. Ukibomoa bila kujenga, umeongeza msongamano kwa mkono wako mwenyewe.

Mtasema: Katibu, haya ni ya serikali, chama cha wafanyakazi kinahusika nini? Nitawajibu kwa habari za zamani. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyowekwa na serikali ya wakoloni kuchunguza mishahara ya Waafrika, ilikiri kwamba mishahara ilipimwa kwa mtu mseja, na ikapendekeza ipimwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Mji wote ulijengwa kwa kipimo kile cha mseja: kitanda kimoja, sufuria moja. Na Tom Mboya, kabla ya kushika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa mkaguzi wa usafi wa Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi yake ilikuwa vyoo, mifereji na vyumba vilivyojaa. Waliotutangulia hawakuona tofauti kati ya choo na mshahara.

Tena sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ama ampe mfanyakazi makao ya kufaa, ama amlipe juu ya mshahara fedha za kutosha kupata makao. Katika amri ya jumla ya mishahara, posho ya nyumba ni asilimia 15 ya kima cha chini. Kwa mtu wa 16,113 ni shilingi 2,417. Mimi nalipa 3,500 kwa kile chumba nilichowaambieni. Nendeni mkatazame karatasi zenu. Wengine mtaikuta posho, wengine mtakuta imemezwa ndani ya mshahara na kuitwa jumla, na wengine hamtakuta kitu. Anayekuta patupu anione baada ya mkutano.

Kuna neno moja gumu, nalo lazima nilitoe. Humu ndani wako wanachama wenye vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Nawajua, nanyi mwajua kwamba nawajua. Siwaiti adui, mtu ameweka akiba yake katika mabati kwa kuwa hakupata mahali pengine pa kuiweka. Lakini mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi ulimwaga damu hapa Kibera, mpangaji na mwenye nyumba, na mfanyakazi akampiga mfanyakazi kwa shilingi mia chache. Hatutaki kurudi huko. Kamati imekubaliana hivi: mwanachama mwenye ploti hataongeza kodi mwezi ule ule mshahara unapoongezwa, na hatajenga chumba kingine kabla ya kuongeza choo. Watatu wamekwisha kubali. Mmoja amekataa, akasema atatoka chamani. Tunaendelea kuzungumza naye.

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Mazungumzo na waajiri yanaanza mwezi ujao, na kamati yataka posho ya nyumba iwekwe mbele ya mambo mengine yote, pamoja na dakika za kuchelewa asubuhi. Vilevile twataka kuandika barua kuuliza juu ya hizi nyumba za bei nafuu: sisi tunaokatwa asilimia 1.5 kila mwezi, wangapi kati yetu tutaingia, kwa malipo gani ya mwezi, na kwa mshahara upi. Ili barua hiyo isitupwe, yahitaji hesabu za kweli. Basi kila mwanachama aandike mambo matano: vyumba vya ploti yake, watu wanaolala humo, vyoo, bei ya mtungi wa maji wiki hii, na kodi ya sasa na ya mwaka jana. Msiandike jina la mwenye ploti, wala msiongeze watu.

Daftari liko kwa mweka hazina, pale penye kibanda cha maji karibu na reli, kila jioni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili. Wanachama wa Silanga na Soweto watapelekewa lao siku ya Jumatano. Wasiojua kuandika wamweleze mweka hazina naye ataandika. Madaftari yatafungwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, na siku ile ile tutajumlisha mbele ya wote.